Mlango wa Chuo na Wazazi wa Kinango

Wazee wetu na wanachama wote,

Twapenda kuwakumbusha kwamba kila mwaka kijitabu hiki huwaletea hesabu ya fedha zilizoingia na zilizotoka, pamoja na maneno machache ya historia. Mwaka huu Kamati iliona yafaa historia hiyo iwe juu ya jambo ambalo karibu kila nyumba ya Kinango, Ndavaya, Puma, Samburu na Kasemeni imelionja. Kijana amemaliza shule. Ana umri wa miaka 17 au 18. Asimama mbele ya mlango wa chuo. Je, wazazi wake wamsaidieje kuingia?

Watu wengi hujibu upesi kwamba kazi ya mzazi ni kutafuta fedha. Hatukatai kwamba fedha ni jambo kubwa. Lakini tukiyapitia mambo ya nyuma twaona kwamba mlango wa chuo haukufungwa kwa fedha peke yake. Kila zama zilikuwa na karatasi zake na bawabu wake. Wazazi waliofaulu ni wale waliouliza bawabu ni nani na ataka karatasi gani, kisha wakaenda pamoja na mtoto mpaka kizingitini.

Zama za barua ya misheni

Kusoma na kuandika hakukuanza na misheni katika pwani yetu. Katika Diani, Msambweni na Vanga, wazazi wa Kidigo walikuwa wakipeleka watoto kwa mwalimu wa Kurani kabla ya kuwako shule yo yote ya serikali. Na neno lenyewe “chuo”, kwa watu wa pwani, hapo kwanza lilikuwa na maana ya mahali hapo pa kusomea Kurani. Mzazi alimshika mtoto mkono, akaenda naye, akamkabidhi kwa mwalimu mbele ya mashahidi. Hakumtuma peke yake.

Huku juu kwa Waduruma mlango wa kwanza wa shule ulikuwa wa misheni. Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka 1846 yeye na Johannes Rebmann wakaweka kituo Rabai. Mwaka 1862 Wamethodisti walianza kazi Ribe chini ya Thomas Wakefield, na baadaye wakafika Mazeras, mpakani mwa nchi ya Waduruma. Mtoto wa Kinango aliyetaka kusoma huko alikuwa na safari ya kutwa nzima kwa miguu, akipita vichakani.

Juu ya shule hizo kulikuwa na milango miwili tu iliyojulikana. Makerere, huko Kampala, ilianzishwa mwaka 1922 kama shule ya ufundi. Shule ya Alliance ilifunguliwa Kikuyu mwaka 1926 kwa ushirikiano wa misheni za Kiprotestanti. Reli ilipofika Kampala mwaka 1931, kijana wa pwani aliweza kupanda gari la moshi na kwenda moja kwa moja. Lakini kwanza ilimpasa aandikiwe. Bila mwalimu au mmisionari kumtaja, jina lake halikufika mbali. Bawabu wa zama hizo alikuwa mtu, na karatasi yake ilikuwa barua ya mwenendo mwema.

Katika watoto wa Mijikenda waliopita njia hiyo, anayejulikana sana ni marehemu Ronald Ngala. Alisoma Kaloleni, akaenda Alliance, akafika Makerere, akarudi kuwa mwalimu, na mwaka 1960 akawa kiongozi wa chama cha KADU. Mfano wake uliwafanya wazazi wengi wa pwani waamini kwamba mtoto wa kijijini aweza kufika mbali, na pia kwamba njia hiyo ina vituo vingi, na kila kituo chataka mtu wa kumsukuma mtoto mbele.

Hapa yafaa tukumbuke desturi yetu. Waduruma walihesabu ukoo kwa pande mbili, upande wa baba na upande wa mama. Mali nyingine ilikwenda kwa watoto wa kiume, na mali nyingine, hasa mifugo ya upande wa mama, ilikuwa mikononi mwa mjomba kwa ajili ya watoto wa dada zake. Baba aliyetaka kuuza ng'ombe kwa ajili ya ada hakuweza kuamka asubuhi akafungua zizi peke yake. Ilimpasa akae na shemeji yake, wazee wasikilize, na shauri likatwe. Wako waliosema kwamba desturi hiyo ilichelewesha elimu. Sisi twaona ilikuwa na faida yake pia, maana kijana aliyepelekwa shule kwa shauri la namna hiyo alijulikana na pande zote mbili kwamba amepelekwa, na hakuna aliyeweza kusema baadaye kwamba hakuulizwa. Neno “mzazi” katika Kinango halikuwa na maana ya baba na mama tu. Ndivyo wasemavyo wahenga kwamba mkono mmoja haulei mwana.

Zama za Cambridge na ndege ya Marekani

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia bawabu alibadilika. Sasa alikuwa ni mtihani uliotoka ng'ambo. Mwaka 1949 Makerere iliunganishwa na Chuo Kikuu cha London, na vijana walipimwa kwa cheti cha Cambridge. Mmisionari mwema hakuweza tena kumwingiza kijana kwa barua peke yake.

Pwani nayo ilipata mlango wake. Chuo cha elimu ya Waislamu cha Mombasa, kilichojengwa kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, Mabohora na serikali, kilianza kupokea wanafunzi mwaka 1951 ili kuwafunza ufundi. Mwaka 1972 kikawa Politekiniki ya Mombasa, na mwaka 2013 kikawa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Kadhalika, Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina kilipoanzishwa mwaka 1961, vijana wa Kiislamu wa pwani walipata njia nyingine. Huko mwombaji hutakiwa kuwa na tazkiya, yaani barua ya mashekhe wanaomshuhudia kwamba ni mtu mwema. Twaona kwamba barua ya mwenendo haikufa. Ilibadilisha mwandishi tu.

Lakini jambo lililotikisa nchi nzima lilikuwa safari za Marekani. Mwezi wa Septemba 1959 ndege iliondoka Nairobi ikiwa na wanafunzi 81 kwenda New York, kwa juhudi za Tom Mboya na rafiki zake wa Marekani. Mwaka 1960 mfuko wa jamaa ya Kennedy ulitoa dola 100,000 kwa safari ya pili. Hadi mwaka 1963 karibu vijana 800 wa Kenya na nchi jirani walikuwa wamekwenda kwa njia hiyo. Katika wale wa mwaka 1960 alikuwamo Wangari Maathai, ambaye mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Wengi hukumbuka ndege, wakasahau yaliyotangulia. Kijana ilimpasa kwanza aandike barua kwa vyuo vya Marekani na kungoja jibu kwa posta. Akikubaliwa, alihitaji pasipoti, na baada ya pasipoti alihitaji viza, na tena fedha za kuanzia maisha. Wazazi na majirani walifanya karamu za chai na michango, wakauza mbuzi na mazao. Wazazi wengi hawakuweza kuisoma barua ile ya Kiingereza. Walimwita mwalimu awasomee, wakamwambia arudie, kisha wakaihifadhi sandukuni pamoja na risiti ya kodi. Wakubwa wa serikali ya kikoloni walisema kwamba vijana hao hawakustahili, kwa kuwa hawakuingia Makerere. Wazazi hawakubishana nao, walichanga.

Zama za bodi na za kungoja

Baada ya Uhuru milango iliongezeka. Mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kiligawanywa, na Nairobi ikawa chuo kikuu kamili. Mwaka 1974 serikali ilianzisha mikopo kwa wanafunzi wa chuo kikuu, na hapo ndipo wazazi walipoanza kusikia neno “mdhamini”. Mwaka 1984 kilianzishwa Chuo Kikuu cha Moi, na mwaka 1985 ulianza mfumo wa 8-4-4, ambao mtihani wake wa kwanza wa kidato cha nne, KCSE, ulifanywa mwaka 1989.

Sasa bawabu alikuwa bodi iliyokaa Nairobi, iliyowagawia vijana nafasi katika vyuo vikuu vya serikali. Wazazi wa Kinango hawakuiona kamwe. Kijana aliandika masomo aliyoyataka katika fomu shuleni, na habari zikaja baadaye kwa gazeti au kwa barua iliyotumwa kwa sanduku la posta la shule. Wako wazazi waliopanda matatu mpaka Mariakani au Mombasa kununua gazeti moja, ili mtu awatafutie jina.

Tatizo kubwa la zama hizo lilikuwa kungoja. Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa kwa muda mrefu baada ya jaribio la kupindua serikali la Agosti 1982, na mwaka 1990 wanafunzi wa mfumo wa zamani na wale wa mfumo mpya walikutana mlangoni. Foleni ikawa ndefu, na kwa miaka mingi kijana aliyepata nafasi alikaa nyumbani karibu miaka 2 kabla ya kuitwa. Katika nchi yetu miaka 2 si kitu kidogo. Mvulana aliteremka Diani kutafuta kazi ya hoteli, akaonja mshahara, akasahau kitabu. Binti alianza kuletewa posa. Ukame kama ule wa mwaka 1984 ulipokuja, ng'ombe aliyetengwa kwa ajili ya ada aliuzwa kwa bei ya mbuzi, au akafa.

Kwa hiyo kazi ya mzazi wa zama hizo ilikuwa kumshika kijana asipotee, na kukumbusha nyumba nzima kwamba huyu amekwisha kupata nafasi, naye angoja tu. Wako akina mama waliochoma makaa gunia baada ya gunia, wakayapeleka barabarani, ili kijana asiseme kwamba nyumba imemchoka. Majina yao hayamo katika kitabu cho chote, lakini wazee wanaosoma maneno haya wawajua.

Mwaka 1991 serikali ilianza kuwatoza wanafunzi wa vyuo vikuu sehemu ya gharama, na kwa sheria ya mwaka 1995 ikaundwa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iitwayo kwa kifupi HELB. Fomu ya mkopo ilitaka wadhamini, sahihi na muhuri wa chifu, nakala za vitambulisho vya wazazi, na kama mzazi amefariki, cheti cha kifo. Mjane wa kijiji cha mbali, ambaye mumewe alizikwa bila cheti, alikuta kwamba mbele ya serikali mumewe bado yu hai.

Zama za kompyuta

Kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012 kazi ya kugawa nafasi ilipewa shirika liitwalo KUCCPS, na maombi yakawa ya kompyuta. Twapenda kueleza kwa ufupi jinsi yafanyikavyo, maana wazazi wengi huyasikia kwa jina tu. Baada ya matokeo ya KCSE kutoka, mtandao hufunguliwa kwa muda wa majuma machache. Kijana huingia kwa namba yake ya mtihani, na neno la siri la kuanzia limekuwa namba ya cheti cha kuzaliwa au ya mtihani wa KCPE. Kisha huchagua masomo na vyuo kwa kufuata utaratibu wa anachokitaka zaidi. Kwa shahada hutakiwa awe na C+ kwa uchache, na kwa stashahada C-. Lakini alama ya jumla haitoshi. Kila somo la chuo lina masomo yake manne ya shule yanayohesabiwa. Kijana mwenye B aliyeshindwa hesabu aweza kukosa uhandisi, na mwenye C+ akapata ualimu.

Mzazi mmoja husema, “Mimi sijui kompyuta, namwachia kijana na mtu wa saiba.” Hapo ndipo hatari ilipo. Tumeona maombi yaliyojazwa kwa namba ya simu ya mwenye saiba, hata majibu yakaenda kwake. Tumeona vijana watano wa kijiji kimoja walioomba masomo yale yale, kwa sababu mtu wa saiba aliyanakili ya kwanza. Tumeona kijana aliyefungiwa nje kwa kukosa cheti cha kuzaliwa, ambacho mzazi alikuwa akisema kwa miaka 18 kwamba atakishughulikia. Mkopo nao hutaka kitambulisho cha taifa na laini ya simu iliyoandikishwa kwa jina la mwombaji mwenyewe.

Kwamba karatasi zaweza kumzuia mtoto mwenye akili, sisi wa Kwale twalijua kuliko wengi. Ndugu zetu Wamakonde, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya miwa na mkonge, walikaa nasi miaka mingi bila vitambulisho, na watoto wao walizaliwa na kukua katika hali hiyo. Mwezi wa Oktoba 2016 walitembea kutoka Kwale kwenda Nairobi kumwona Rais, na mwanzoni mwa mwaka 2017 wakapewa vitambulisho huko Msambweni. Safari ile ilikuwa ya wazazi wengi kwa ajili ya watoto wengi.

Msaada wa fedha umeongezeka kuliko zamani. Mfuko wa eneo bunge ulianzishwa mwaka 2003, na baada ya ugatuzi wa mwaka 2013 serikali ya Kaunti ya Kwale ilianzisha msaada wa masomo ulioitwa Elimu ni Sasa. Mwaka 2023 serikali kuu ilileta mfumo mpya wa kugharimia vyuo, uliouliza habari za nyumba ya mwanafunzi ili kupima uwezo wake. Mwezi wa Desemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba mfumo huo unapingana na Katiba, na serikali ikakata rufani. Lakini fedha hizi zote zina jambo moja linalofanana: kila mfuko una fomu yake na siku yake ya mwisho.

Kosa letu wenyewe

Hatuwezi kuwakumbusha wazazi wajibu wao tukanyamaza juu ya wetu. Miaka michache iliyopita mama mmoja wa upande wa Puma alikuja ofisini kwetu siku ya Ijumaa, mchana. Binti yake alikuwa amepata nafasi chuoni, na mfadhili mmoja alikuwa tayari kumlipia ada, mradi aletewe barua ya Chama yenye muhuri kabla ya Jumapili. Muhuri ulikuwa umefungiwa kabatini, na mwenye ufunguo alikuwa amekwenda mazikoni. Barua tuliiandika, lakini hatukumtafuta mwenye ufunguo. Tulimwambia mama arudi Jumatatu. Alitushukuru akaenda zake.

Jumatatu ilikuwa imechelewa. Binti hakuingia chuoni mwaka ule. Aliingia mwaka uliofuata kwa ng'ombe wawili wa mjomba wake, ambao walikuwa wamesalia baada ya ukame. Mama yule alikuja na karatasi zake zote, tena kwa wakati. Bawabu aliyefunga mlango siku ile alikuwa ni sisi.

Tunayoyaomba

Kwa hiyo Kamati yaleta mambo manne mbele ya Mkutano Mkuu.

Kwanza, kila mwanachama mwenye mtoto wa kidato cha pili aangalie mwaka huu huu, si mwaka wa mtihani, kama cheti cha kuzaliwa kipo na kama jina lililomo ni sawa na lile la shuleni. Tofauti ya herufi moja yaweza kugharimu safari nyingi.

Pili, mzazi aende pamoja na kijana siku ya kujaza maombi, hata kama hajui kusoma. Aulize maswali matatu: Umeomba nini? Kwa nini hicho? Namba ya simu iliyoandikwa ni ya nani? Kisha achukue karatasi iliyochapwa, aihifadhi. Wazazi wa mwaka 1959 hawakujua Kiingereza, lakini walijua barua iko wapi.

Tatu, ofisi ya Chama iwe wazi kila siku, pamoja na Jumamosi na Jumapili, katika majuma ya maombi, na muhuri uwe na washika ufunguo wawili wasiotoka mjini siku moja.

Nne, Mkutano ukubali kwamba mjomba yule alipwe thamani ya ng'ombe wawili kutoka katika mfuko wa Chama. Twajua kwamba hatukuandikiana naye mkataba wo wote, na kwamba mwenyewe hajadai. Alifanya alivyofanya mjomba wa zamani. Lakini Chama kinachojiita cha ustawi hakiwezi kuacha kosa lake lilipwe kwa zizi la mtu mmoja.

Wazee wetu, hatujui bawabu atakayekuja baada ya kompyuta atakuwa wa namna gani. Twajua tu kwamba ataka karatasi, na kwamba kijana wa miaka 17 hapaswi kusimama mbele yake peke yake.

Ni sisi, watumishi wenu katika Chama.